Michezo: Kijana aliyefika ugenini hahitaji mfuko wa visahani, puta moja inamtosha

Katika familia nyingi za Kivu, Ituri na Tanganyika kuna mtoto mmoja aliye mbali. Alipita Nakivale, Nyarugusu au Kakuma, akangoja miaka, kisha jina lake likatoka. Marekani, katika mwaka wake wa fedha wa 2019, ilipokea Wakongomani wengi kuliko wakimbizi wa nchi nyingine yoyote, na Ufini nayo imekuwa ikichukua Wakongomani katika idadi ya wakimbizi inayowapokea kila mwaka. Waliobaki nyuma wanamfuata mtoto wao kwa simu. Na siku hizi picha zinazofika kwenye simu hiyo zinawashangaza wazazi: kijana amesimama katikati ya miti, mgongoni ana mfuko uliojaa sahani za plastiki za kila rangi, mbele yake kuna kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia.

"Mwanangu, hizo sahani zote ni za nini?" mama anauliza. "Juzi si ulisema pesa imekwisha?"

"Mama, si sahani za chakula, ni mchezo."

Mama ana haki ya kuuliza, na jibu la kijana halitoshi. Mchezo hauna kosa lolote. Kosa liko ndani ya mfuko.

Mchezo wenyewe unaitwa gofu ya visahani. Mtu anatupa kisahani kutoka mahali pa kuanzia, anakifuata pale kilipoanguka, anatupa tena, mpaka kiingie kikapuni. Mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Kikapu chenye minyororo kilibuniwa na Mmarekani Ed Headrick, ambaye alikuwa amefanya kazi katika kampuni ya Wham-O, wauzaji wa Frisbee. Uwanja wa kwanza wa kudumu uliwekwa California mwaka 1975, na mwaka uliofuata Headrick akaanzisha PDGA, chama kinachosimamia mchezo huu. Leo Ufini, nchi ya watu milioni tano na nusu hivi, ina mamia ya viwanja vya namna hiyo, na vingi havina mlinzi, havina tiketi, havina saa ya kufunga. Mwaka 2024 mwanamke wa nchi hiyo, Eveliina Salonen, alichukua ubingwa wa dunia, na mwaka 2025 mashindano ya dunia yenyewe yakachezwa huko huko, Tampere na Nokia. Marekani nako viwanja ni vingi, na sehemu kubwa iko katika bustani za umma.

Kwa mtu aliyefika bila lugha na bila rafiki, hiyo ni neema. Mpira wa miguu unataka watu kumi wengine, na wakati wa baridi unataka ukumbi wa kulipia. Huku kwenye visahani mtu anaweza kwenda peke yake saa mbili za usiku mwezi wa sita, jua la Ufini bado linawaka, akacheza bila kumuomba mtu ruhusa. Wazazi wanaosema kwamba mtoto amepotea njia kwa sababu anatupa sahani msituni, wamuache kidogo. Kuna njia nyingine za kupoteza jioni katika mji wa ugeni, na wazazi hao hao wanazijua.

Basi pesa inaliwa wapi? Inaliwa dukani.

Kijana anaingia, anaeleza kwa shida kwamba anaanza. Anaonyeshwa ukuta mzima. Orodha ya visahani vilivyoidhinishwa na PDGA imepita 1,000 tangu zamani, na kila kimoja kina jina lake, rangi yake na sifa zake. Rafiki aliyemtangulia anamshauri achukue kile kinachofika mbali, kwa sababu ndicho alichokiona kwenye video. Kile kinaitwa draiva. Ni kisahani chenye ukingo mpana na mkali, mtindo ulioanza mwaka 1983 pale Dave Dunipace, mmoja wa waanzilishi wa Innova, alipotoa kisahani cha kwanza chenye ukingo uliochongwa. Kijana analipa. Wiki inayofuata anarudi, kwa sababu draiva ile haikwenda mbali, anaambiwa ajaribu nyingine. Ndivyo mfuko unavyojaa. Visahani 20 kwa dola 18 kila kimoja ni dola 360, na mfuko bado haujahesabiwa. Huku nyumbani kuna watu wanaojua vizuri sana la kufanya na dola 360.

Ushauri huo wa kuanza na draiva ni mbaya, na wanaoutoa wanapaswa kuacha. Juu ya visahani vingi kuna namba nne: mwendo, kuelea, kugeuka na kuanguka. Draiva ya nguvu ina mwendo wa 12 au 13. Anayeanza anasoma namba hiyo kama mtu anayesoma nguvu ya pikipiki: kubwa ni bora. Lakini namba ya mwendo inasema jambo lingine. Inasema mkono wa mtupaji unatakiwa uwe na haraka kiasi gani ndipo kisahani kifanye kazi kiliyotengenezewa. Mkono usio na haraka hiyo ukitupa draiva ya 13, kisahani kinapinda mapema, kinakwenda kushoto kwa yule anayetupa kwa mkono wa kulia kwa namna ya kawaida, kinazama kwenye vichaka. Kijana anafikiri amenunua kisahani kibovu. Kisahani si kibovu. Kiliuzwa kwa mkono usio wake.

Na kwa nini ushauri huu unaendelea? Sababu moja ni kwamba video za mitupo ya mbali zinapendeza, na hakuna anayetazama video ya mtu aliyesimama hatua sita kutoka kwenye kikapu. Sababu ya pili ni biashara. Paul McBeth, bingwa wa dunia mara sita, alitangazwa mwaka 2021 kuwa na mkataba wa miaka 10 na kampuni ya Discraft, wenye thamani ya dola milioni 10. Ni jasho lake, hakuna wa kumlaumu. Lakini kampuni inayotoa pesa za namna hiyo inapaswa kuuza visahani vingi sana, na mtu anayecheza miaka miwili kwa kisahani kimoja ni mteja mbaya. Kijana wa Uvira au Masisi aliyepata mshahara wake wa kwanza wa usafi usiku hakuzaliwa ili awe mteja mzuri.

Kisahani cha kuanza nacho ni puta. (Jina tu linafanana, halina habari na kumwendesha mtu puta.) Ni kile kisahani kizito kidogo, chenye kina, ukingo wake butu wa karibu sentimita 1, wakati ukingo wa draiva unapita sentimita 2. Kazi yake ya kwanza ni kumaliza: kutupwa karibu na kikapu, kigonge minyororo, kianguke ndani. Lakini hakuna sheria inayokataza kukitupa kutoka mwanzo, na mtu anaweza kucheza uwanja mzima kwa puta peke yake. Kwa aliyeanza juzi, tofauti ya umbali na draiva ni ndogo kuliko anavyodhani, na mara nyingi puta ndiyo inayofika mbele zaidi kwa sababu inakwenda ilikotumwa.

Hesabu iko wazi. Viwanja vikubwa vina vikapu 18, na vingi katika hivyo vinatarajiwa kumalizwa kwa mitupo 3 kila kimoja, yaani 54 kwa jumla. Mtupo wa mbali ni mmoja kwa kila kikapu. Mtupo wa kumalizia nao haukwepeki, na anayeanza haumalizi kwa mara moja: anatupa, anakosa, anatupa tena, minyororo inakitema kisahani, anatupa mara ya tatu. Alama zake zinapotea pale, ndani ya mita kumi, wala si kule mbali alikojisifu mbele ya wenzake.

Kuchagua puta ni kazi ya mkono, si ya macho. Kijana akishike kisahani dukani kama anayetaka kutupa, vidole chini, kidole gumba juu, na asikilize mkono wake. Baadhi ya puta zina tuta dogo linalozunguka chini ya ukingo, nyingine ni laini. Wenye kubishana kuhusu tuta hilo hawatamaliza leo. Wenye vidole virefu wengi wanapenda puta yenye kina, wenye mikono midogo wanapenda ile nyembamba, na hakuna bingwa anayeweza kumchagulia mwingine. Aviar ya Innova, ambayo namba zake ni 2, 3, 0 na 1, imeuzwa tangu miaka ya 1980 na bado iko mikononi mwa watu. Judge ya Dynamic Discs inaelea zaidi kidogo. Wizard ya Gateway inaanguka zaidi mwishoni. Berg ya Kastaplast, ya Uswidi, karibu haielei kabisa, inafika na kukaa chini kama mgeni aliyechoka. Yoyote kati ya hizo itamfaa anayeanza, mradi tu asinunue zote nne. Namba za kampuni moja na za nyingine hazipimwi kwa mizani moja, kwa hiyo tofauti ya namba moja tu isimnyime mtu usingizi.

Kuhusu uzito, sheria inaruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya upana wa kisahani, na kwa puta nyingi zenye sentimita 21 na kitu, hiyo inafika chini kidogo ya gramu 176. Mtu mzima achukue kati ya 170 na 175, kwa sababu uzito unasaidia upepo ukivuma. Mtoto apewe nyepesi zaidi.

Kisha kuna plastiki, na hapa ndipo mwenye pesa kidogo anapata haki yake. Kila kampuni ina plastiki ya bei ya chini na plastiki ya bei ya juu. Ile ya juu inang'aa, inadumu, haikwaruziki haraka, na kwa draiva inayogonga miti ina maana. Kwa puta, wachezaji wengi sana, hata wale wanaolipwa, wanatumia ile ya chini, kwa sababu inashikika vizuri mkononi na haitelezi kwenye minyororo. Dola 10 hivi zinatosha. Muuzaji anayemwambia mgeni kwamba puta nzuri ni ile ya dola 20 anamuuzia mwangaza. Tena kuna visahani vilivyokwisha kutumika, vya bei ya chini zaidi, na puta iliyozoea mikono ya mtu mwingine haijapoteza kitu.

Ufini iko na jambo lake: baridi. Plastiki inakauka na kuwa ngumu kama kifuniko cha ndoo, vidole navyo havisikii. Anayetaka kucheza mwezi wa kwanza achukue plastiki laini, aiweke ndani ya koti kati ya mtupo na mtupo. Rangi nyeupe aiache dukani. Kisahani kikiingia pembeni kwenye theluji laini kinazama na kuacha mstari mdogo tu, na wenyeji wengine wanagundisha utepe mrefu chini ya kisahani ili mkia wake ubaki juu. Kwa anayecheza kwenye joto kali la kusini mwa Marekani ni kinyume: iliyo laini sana inalegea kama mkate uliolowa.

Akishanunua, kazi ndiyo inaanza, na kazi hiyo haina bei. Kuna namna mbili kubwa za kutupa puta. Ya kwanza ni ya kiganja: kisahani kinazungushwa sana, kinakwenda kimenyooka na kwa haraka. Upepo haukisumbui sana, lakini kikikosa kinapita mbali nyuma ya kikapu na kumletea mwenyewe taabu ya pili. Ya pili ni ya kusukuma: nguvu inatoka miguuni, mkono unakwenda mbele kama wa mtu anayekabidhi kitu, kisahani kinapanda kidogo na kushuka kwenye minyororo. Kikikosa kinaanguka karibu. Ricky Wysocki alichukua ubingwa wa dunia mara mbili, 2016 na 2017, akitegemea sana kusukuma, kwa hiyo asije mtu akasema ni namna mbovu. Na kwa anayeanza, kusukuma kunasamehe zaidi.

Mguu wa mkono unaotupa ukae mbele, uzito uanzie nyuma. Macho yachague pete moja ya mnyororo, moja tu, si kikapu chote. Mkono ukishaachia usirudi nyuma kama ulioungua, uendelee kunyooka kuelekea pale pale. Upepo ukitoka mbele unakiinua kisahani, kwa hiyo uso wake ushushwe kidogo. Ukitoka nyuma unakikandamiza chini, basi atupe juu zaidi kuliko anavyozoea. Na ndani ya mita 10 kuna sheria ambayo wageni wanaivunja bila kujua: haikubaliki kutupa na kuanguka mbele. Mchezaji anapaswa kuonyesha kwamba amesimama imara nyuma ya alama yake kabla ya kwenda mbele kuokota kisahani.

Mazoezi yaanzie hatua tatu, siyo kumi. Inaudhi, kwa sababu hatua tatu zinaonekana kuwa za watoto. Lakini mtu asiyeingiza mara tisa kati ya kumi kwa hatua tatu anatafuta nini kule nyuma? Hapo ndipo pesa ya pili ina kazi: badala ya kisahani kipya chenye jina jipya, anunue puta nyingine sawa na ile ya kwanza, jina moja, plastiki moja, uzito mmoja, ili atupe mbili bila kwenda na kurudi. Asipokuwa na kikapu karibu na nyumba, mti unatosha. Mti ni mwembamba kuliko minyororo, na aliyezoea kuugonga ataona kikapu kimenenepa.

Wanaopinga wana hoja moja ya kweli. Wanasema maduka yanauza furushi la visahani vitatu, draiva, cha masafa ya kati na puta, kwa bei isiyozidi sana ile ya kisahani kimoja cha kifahari, na kwa hiyo mgeni anaonewa bure akinyimwa. Hoja inakubalika kwa sehemu. Kama furushi limekuja kama zawadi, lipokelewe kwa mikono miwili. Kisha draiva iwekwe juu ya kabati mpaka puta ifike mita 60 ikiwa imenyooka, kwa sababu mkono uliojifunza kwa draiva unajifunza kusukuma kwa nguvu na kupindisha ili kuficha kosa, na puta haifichi kosa la mtu. Inamuonyesha hapo hapo.

Lipo jambo lingine ambalo halisemwi, na linagusa huku nyumbani. Baadhi ya vijana, kwa moyo mzuri, wanafikiria kuwatumia wadogo zao visahani, na kwa kuwa wamekinai draiva zao, ndizo wanazofunga kwenye mzigo. Wasifanye hivyo. Kambi haina msitu mtupu mbele ya mtoto. Ina nyumba za shitingi zilizobanana, kamba zilizovutwa kila upande, mama anayepika nje, mtoto mchanga mgongoni. Ukingo mkali wa draiva iliyotupwa na kijana wa miaka kumi na minne ukimpata mtu usoni unaweza kumjeruhi vibaya, na draiva haidakiki kwa mikono mitupu. Puta nyepesi, laini, yenye ukingo butu, inadakika, inakwenda polepole, na kikapu chake kinaweza kuwa beseni la kufulia lililofungwa kwenye mti. Watoto wanaoshona mpira kwa mifuko ya plastiki na kamba hawatashindwa kupata minyororo yao. Basi mbili laini, sawa, zinatosha kwa watoto wa jirani wote.

Na kwa yule ambaye mfuko umekwisha kujaa: draiva ambazo hazijakwaruzwa bado zina mnunuzi, azitoe kabla hazijagonga miti. Ile puta anayobaki nayo aiandike chini jina lake na namba ya simu kwa kalamu isiyofutika. Ndivyo wenyeji wanavyofanya, na ndiyo maana kisahani kilichookotwa kwenye nyasi, kikiwa na namba, hakijatupwa na mtu yeyote. Kina mwenyewe, naye anangoja kupigiwa simu, hata kama aliyekiokota ana maneno kumi tu ya Kifini.